Njia za Kushuka kutoka Kibanda cha Elgon

Masafu,
Busia, Uganda.
9 Oktoba 1966

Mpendwa wifi Kevina,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote huko Tanga. Je, homa ya Norah imepoa? Na mkonge bado unamchosha shemeji? Huku tunapumua tu. Mzee Ojiambo, baba yenu, magoti yamemkataa, siku hizi anaota jua mlangoni. Taaka wangu ameanza shule. Mvua imeozesha maharage.

Barua yako nimeipata. Unasema wazee wasimzike mume wangu Wandera, kwa sababu huenda mdogo wako huyo alishukia upande wa Kenya na yuko hai. Wewe ndiye mkubwa kwa ndugu zako, na Mzee hataki kufanya lolote bila neno lako. Basi nitakueleza kile kibanda na njia zake, maana wewe hujafika kule. Mimi sasa nimefika.

Kilijengwa na Wazungu wa chama cha wapanda mlima, kabla sijaolewa. Wandera alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba mbao na mabati kichwani kutoka Budadiri, wakapita msitu wa mianzi mpaka kule miti inakoisha na nyasi huganda asubuhi. Alizoea kuniambia kwamba bati la juu ya mlango ni lake, kwamba upepo ulimwangusha nalo mpaka akalia. Mlinzi wa kwanza alipozeeka, funguo akapewa yeye. Baada ya Uhuru wageni walipungua, na kuni zikawa za kutafuta mbali, lakini hakutaka kukiacha. Unamjua.

Mwezi wa Mei walilala wageni pale. Mmoja, mwalimu, alikwenda kileleni peke yake na ukungu ukashuka. Jioni ilipokaribia hajarudi, Wandera akavaa koti, akachukua filimbi. Mdogo wenu Oguttu alikuwa pale, amepeleka unga. Alimsihi angoje ukungu upungue.

Wandera akamwambia, "Huyu amelala kwangu. Siwezi kukaa motoni."

Haukupita muda, yule mwalimu akatokea kwa njia nyingine. Akanywa chai, akalala. Wandera hakurudi. Nimejaribu kutomchukia mtu huyo, wifi. Sijaweza.

Polisi walipoacha kutafuta, nilimwambia Oguttu anipeleke. Tulipanda kwa njia ya Budadiri, ile ya ngazi za miti zilizofungwa kwenye jabali. Hiyo ndiyo njia aliyoshuka kila alipokuja nyumbani. Kule chini kila mji unamjua, kwa kabila letu wanamwita Msamia wa kibandani. Tuliuliza mlango kwa mlango. Hakuna aliyemwona akishuka.

Njia ya pili inavuka bonde kubwa la kileleni, inapita kwenye chemchemi za maji moto na kufuata mto Suam mpaka Kenya. Hiyo ndiyo unayoishikilia wewe, kwa sababu ya yule mtu uliyeambiwa ameonekana Kitale. Sikukuambia, lakini nilikwenda. Nilivukia Malaba, nikafika Kitale, nikamsubiri sokoni kwenye magunia ya mahindi. Kwa nyuma alikuwa yeye kabisa, mabega yale yale, na mwendo ule wa kuegemea upande. Nilimshika mkono kabla hajageuka.

Alikuwa mtu wa Webuye. Alinitazama, akasema, "Mama, mimi siye. Pole sana."

Aliniacha nishike mkono wake mpaka nilipouachia mwenyewe.

Njia ya tatu inafuata ukingo wa bonde kwenda kaskazini, kwa Wasebei. Mrina asali mmoja aliona koti juu ya jiwe, akalipeleka polisi Mbale. Nikaitwa. Ni lake, wifi. Kiraka cha kiwiko nilikitia mimi kutoka gauni langu la zamani. Nilimwuliza mrina asali kwa nini mtu avue koti kwenye baridi ile. Akasema amewahi kuona hivyo: baridi ikishamwingia mtu sana, mwishoni huhisi anaungua, akavua nguo na kutembea ovyo. Alitupeleka mpaka pale, na hatua chache kutoka jiwe lile ardhi inakatika. Oguttu alilala kifudifudi akachungulia. Chini ni ukungu na sauti ya maji. Hakuna kamba ya kufika huko.

Hakuna njia ya nne. Niliuliza.

Kibanda kimefungwa, nasikia hawatafuti mlinzi mwingine. Sijali tena.

Mzee amechagua mgomba nyuma ya nyumba ya marehemu mama yenu, ndio utakaolazwa kaburini badala ya mwili wake. Kila mtu anangoja neno lako. Wifi, niandikie kwamba umekubali. Ukishindwa, basi usiniandikie tena kwamba yu hai, kwa sababu kila ukiandika hivyo mimi humpikia, na asubuhi ninamwaga.

Oguttu anakusalimu, na Mzee, na Taaka. Nisalimie shemeji, na Norah umbusu kwa ajili yangu. Mungu awalinde huko mliko, awarudishe wote jinsi mlivyo.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata sasa,
Athieno