Matairi ya Rajabu

Jumatatu, 8 Januari 1951
Kongwa na kurudi. Magunia ya mtama, ngozi, abiria tisa. Nimekwama mara mbili kwenye mbuga ya Ihumwa. Abiria wamesukuma. Mwaka huu sina utingo; Bwana Kanji, mwenye malori, anasema abiria wana mikono. Nimefika nyumbani Ipagala jua limezama, matope hadi masikioni. Mke wangu Debora alikuwa amenifunikia ugali. Umepoa, lakini amefunika.

Kanji amekubali kununua matairi ya meno, yale ya magari ya jeshi. Yanauzwa Kongwa, mabaki ya mashamba ya karanga. Amenituma mimi nikachague. Mimi, si Rajabu, dereva mwenzangu. Namwendeshea lori mwaka wa sita huu. Rajabu ana mwaka mmoja tangu aje kutoka Tabora.

Alhamisi, 11 Januari
Nimechagua manne. Lundo lilikuwa refu kama nyumba, nusu yake vipara vitupu. Nilipima yote kwa kidole gumba. Nafasi kati ya jino na jino lazima imeze gumba hadi kwenye kiungo, la sivyo tope linaganda na tairi linageuka kipara. Nikanusa mpira pia. Uliokaa sana juani hupasuka. Nimeyaleta mjini juu ya ngozi za ng'ombe, na njia nzima nilikuwa nikigeuka kuyatazama.

Ijumaa, 12 Januari
Kanji ameyafunga kwenye lori la Rajabu.

Sababu: Rajabu anabeba barua na abiria wengi. Mimi nabeba ngozi, na ngozi haiulizi saa. Nilimshikia Rajabu spana. Akaniambia, "Kaka, umechagua vizuri." Nilitamani spana imwangukie mguuni.

Jumamosi, 20 Januari
Mvua. Matairi yale yananguruma kwenye barabara ngumu kama nyuki mzingani. Unayasikia kabla hujaliona lori. Wanawake wa Ihumwa wakiyasikia wanabeba mayai yao na kwenda barabarani. Mimi nikifika, wameshaondoka naye. Leo nilikuwa na abiria wawili, mmoja mbuzi.

Nimekwama. Rajabu akasimama, akashuka na kamba ya katani anivute. Nikamwambia aende zake. Alinitazama kidogo, akaenda. Nimechimba mpaka mikono imetoka malengelenge.

Jumatatu, 29 Januari
Mama Nehemia, muuza mayai, amepanda gari langu kwa kulikosa la Rajabu. Hata "mbukwa" yake ya salamu ilikuwa ya kununa. Alipochangamka akaanza utani. Eti mke wangu akisikia matairi ya Rajabu tu, huyo barabarani, hata mwiko hauweki chini. Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.

Jumamosi, 3 Februari
Nimeona mwenyewe. Mbele ya nyumba yangu kuna alama za meno. Gari linalopita huacha mstari tu. Hili lilisimama. Meno yamezama, na nyuma kuna tope lililoruka lilipoondoka. Kisha nyayo za Debora, peku, kutoka mlangoni kwetu hadi pale mlango wa dereva ulipokuwa. Meno niliyoyapima kwa gumba langu mwenyewe.

Nilimwuliza nani alisimama. Akasema Rajabu. Hakuficha, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamwuliza walikuwa na mazungumzo gani. Akasema habari za barabara. Mwanamke hajawahi kushika usukani, leo anataka habari za barabara. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 6 Februari
Nina wivu. Niandike hivyo hivyo. Wivu wa matairi, wivu wa abiria, wivu wa mke. Sijui ulianza upi.

Jumapili kanisani tulisomewa amri ya kutotamani. Mke wa jirani alitajwa. Nilitamani Rajabu angekuwapo asikie, lakini yeye ni Mwislamu. Ng'ombe na punda pia walitajwa. Matairi hayakutajwa, ila nilijua amri hiyo imenifikia.

Ijumaa, 9 Februari
Siku nne bila mvua. Nimekwenda dukani kwa Kanji, nikamwambia Rajabu anayakimbiza matairi kwenye kokoto na meno yanaliwa. Ni kweli yanaliwa. Barabara ngumu huyala hata ukienda mwendo wa kinyonga, nani asiyejua. Hilo sikulisema. Kanji akatoka na kijiti akapima jino. Alinuna. Kuanzia Jumanne yanafungwa kwangu, na vipara vyangu vinakwenda kwa Rajabu.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Debora akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Jumanne, 13 Februari
Yamefungwa asubuhi. Safari hii Rajabu ndiye aliyenishikia spana. Huenda anajua, huenda hajui.

Kwenye barabara ngumu usukani unatetemeka mpaka meno ya kinywani yanagongana. Breki zinachelewa. Mama Nehemia alishuka Ihumwa akisema figo zake zimehama. Sikujali. Mvua ilinikuta Kongwa mchana, kubwa. Wakati wa kurudi nimeivuka mbuga kama naendesha juu ya sakafu ya saruji.

Rajabu alikuwa katikati yake. Amezama hadi kwenye ekseli, abiria wake wamesimama majini. Akainua mkono. Madereva wa njia hii hatumpiti mwenzetu kwenye tope. Hata kama hampatani, utasimama, utauliza. Nilipiga honi nikapita. Ilikuwa tamu. Niseme ukweli, ilikuwa tamu kwa maili mbili hivi.

Nikafika Ipagala matairi yananguruma, kioo kimejaa tope. Debora akatoka mbio, kanga kichwani, mwiko mkononi. Hakutazama ni nani. Akashika mlango wa gari akasema kwa pumzi moja, "Shemeji, leo umemwacha wapi?"

Akainua uso akaniona.

Kumbe hizo ndizo habari za barabara. Kila siku ya mvua. Nimekwama wapi, nimeumia au ni mzima, asonge ugali au angoje. Na aliyekuwa akisimama kumjibu ni yule niliyemfukuza na kamba yake. Nimeona aibu kuliko siku yoyote.

Alifurahi kuniona mapema. Nilimwona akifurahi. Halafu akayatazama matairi, akatazama barabara nyuma yangu ilivyo tupu. Akauliza, "Na yeye umemwacha wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na kamba yetu ya katani, akaitupa juu ya ngozi.

Nimegeuza gari. Abiria walilalamika, nikawateremsha kwangu, wakala ugali wangu. Nilimkuta Rajabu anachimba kwa sufuria. Alifunga kamba. Lori lake lilipotoka ndipo akasema, "Mgogo, ningekuwa ng'ombe ungesimama mara ya kwanza." Nikasema kweli. Nikamweleza na maneno niliyompelekea Kanji, yote, na lile nililoliacha. Akatema mate pembeni. Mkono hakunipa.

Jumatano, 14 Februari
Nimemwomba Kanji ayagawe. Mawili kwangu, mawili kwa Rajabu, kwenye magurudumu ya nyuma. Kanji akasema basi mbele tutateleza. Nikasema tuteleze. Nikamwambia pia kuwa Rajabu hakuwa akikimbiza. Kanji akarudi kwenye magunia yake.

Rajabu ameyapokea matairi. Mimi bado hajanipokea.

Alhamisi, 1 Machi
Nimekwama. Mbele imeteleza, gari likakingama njia. Rajabu akasimama, akanivuta, akaondoka. Nilishika kamba kwa mikono miwili nilipomrudishia.

Jumamosi, 28 Aprili
Mvua za mwisho, nadhani. Mbuga imeanza kupasuka nyufa. Kanji anasema wiki ijayo matairi ya meno yanatolewa, yasiliwe bure na kiangazi. Leo wakati wa kupakia Rajabu aliniita kaka. Mara ya kwanza tangu Februari.

Sasa malori yote mawili yananguruma. Debora anasema hawezi tena kutofautisha. Likisikika lolote, anatoka.

Jioni nimemkuta barabarani. Alisema ametoka mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa Rajabu, akamwambia niko Ihumwa, nampakiza Mama Nehemia na mayai yake, sijambo, niko nyuma yake kidogo tu. Nilipomsikia akimtaja, kitu kilinichoma, kidogo. Kilipita.

Ugali ulikuwa wa moto.