Mmea wa Mama Usipewe Maji

Wanangu,

Nimeenda kwa shangazi yenu, nitarudi Jumapili. Mmea wa mama yenu pale dirishani usipewe maji. ~~Nitautilia mwenyewe nikirudi.~~ Alhamisi mmoja wenu autilie kikombe kimoja cha chai. Mmoja tu, na namaanisha kikombe cha maji, si chai.

Sababu ni hii. Asubuhi nilipouinua, maji yaliyojaa kwenye sahani yake yalimwagikia viatu vyangu vya safari. Nikiwa napiga deki, kitindamimba akaingia na glasi.

"Nautilia kila siku kabla ya shule, Baba. Kaka hajali."

Kaka mtu alikuwa nyuma yake, ameshika jagi.

"Nani hajali?"

Gari la shule lilikuwa linawasubiri, mkakimbia. Sasa nasema. Tangu mama yenu atutoke, majani yale yanazidi kuwa manjano, nikadhani ni kiu. Nikadhani mmeusahau. Kwa hiyo kila jioni, mkiwa mnaoga, nautilia mimi, huku nimewanunia kimoyomoyo. Wiki tatu nzima. Nisameheni. Mmea hauna kiu, umezama.

Jagi lirudi jikoni. Alhamisi anzeni kwa kuchomeka kidole kwenye udongo, na kikitoka na tope, uacheni upumzike.

Nimesafiri na ndala. Viatu viko juani, viingizeni mvua ikija.

Baba yenu,
wa zamu ya jioni