Niliapa juu ya mwisho wa filme mbele ya mama mukwe

Mama Kangwa,

Kila siku ya ine tunakusikilizaka ku redio pa atelier, na mafundi benzangu banachekaka sana bale bantu banakuandikia, na miye pia nilikuwa nachekaka, sasa leo iko tour yangu, basi nakulomba unisaidie, juu mambo inanishinda. Niko soudeur ku Katuba, nachomeaka milango na grille za madirisha. Jina yangu Mwaba. Niko nataka kuoa Abigaïl, mutoto ya bantu ba Kasomeno, bantu ba kanisa, na kwabo desturi ingali na nguvu: mukwe haikale mu chumba moja na mama mukwe, hamuangalie mu macho, hakule mbele yake, mupaka siku bamama ba famille batamupikia na kumuletea chakula kwa heshima, njo siku anaingia mu nyumba sawa mutoto wa pale. Ile chakula balikuwa bananitayarishia, na bila ile hakuna ndoa ku kanisa. Donc nikifikaka kwabo ninaikalaka paka pa barza, inje, peke yangu, na kule mu salon baba mukwe, muzee Pierre, muntu muzuri kabisa, anageuzaka télé kidogo ielekee mulango, ili na miye nione.

Basi siku ya Mungu, kisha misa, balipitisha ku télé filme moja ya kuogopesha, haina ile ya visu na damu, ni ile ya kuchezea bantu akili. Mama moja muzee anaikala peke yake mu nyumba mukubwa, mutoto wake mwanaume alipotea zamani, siku moja kijana anagonga mulango, anasema, «Mama, ni miye.» Mama anamukumbatia, anamupatia kitanda, lakini sisi bote tunaanza kutetemeka, juu ule kijana anafunguaka makabati, anauliza jirani maulizo ya ajabu, na karibu na mwisho tunavumbua kama haina mutoto wake hata kidogo, ni ule dereva mwenye kugonga mutoto wake na motokari, akamuua, akakimbia! Eh, mama yangu! Pale njo mama Mwape, mama mukwe, anasimama na bikombe vya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, mu mukono, anataka kutoka kwenda ku jikoni ya inje, anafika pa mulango, na juu filme ilikuwa tamu anasimama pale pale, anageuka kuangalia mwisho. Miye nilikuwa pa kiti yangu karibu na mulango. Ningefanya nini, Mama Kangwa? Niliinamisha kichwa, nikaangalia ciment, sawa vile inafaa, na alisimama pale mupaka filme ikaisha, nikasikia paka sauti ya ule mama muzee anaita, «Mutoto wangu, kuya kula.» Kisha courant ikakatika.

Mabishano ikaanza. Chance, ndugu mudogo ya Abigaïl, anasema, «Kumbe ule mama alikuwa anayua tangu siku ya kwanza!» Muzee Pierre anasema, «Kama alikuwa anayua, juu ya nini hakuita polisi?» Na miye, pale inje, nikapaza sauti, «Hakuna kintu alikuwa anayua, maskini, balimudanganya mupaka mwisho!» Mama Mwape alikuwa amerudia mu salon, nyuma ya rideau ya mulango, na juu hawezi kunisemesha, anamusemesha Chance: «Chance, ambia ule muntu wa inje kama photo ilikuwa mu valise ya ule mama muzee. Photo ya kilio. Ule mama mwenyewe anasimama pa kaburi ya mutoto wake. Alimuzika na mikono yake.» Na miye nikamujibu Chance, «Chance, ambia mama kama hakuna photo.» Chance akacheka. Kile kicheko njo kilinichoma, nikasimama, nikasema na sauti ya kusikika mupaka ku barabara, «Kweli ya Mungu, niliona mupaka mwisho na macho yangu mawili, nife kama ninasema bongo!»

Kisha siku kidogo yaya Rigobert, shibukombe wangu, ule anabebaka maneno kati ya famille zetu mbili, anafika pa atelier na uso mubaya. Anasema mama Mwape amesema hivi: «Sahani ninaifunika kwanza. Muntu mwenye kuapa juu ya kintu hakuone, siku moja ataapa vile vile juu ya mutoto wangu.» Nilikasirika. Lakini Chance alipata ile filme mu téléphone, akaniletea, nikaangalia mwisho, na photo iko. Iko pale, kubwa, ule mama muzee anaishika, anaiangalia, anairudisha mu valise, anaita ule kijana kula.

Sasa nilimuambia Abigaïl kama ile filme iko na version mbili, na ku télé balipitisha ile haina photo. Aliniangalia tu, akasema, «Mwaba, umutumie mama neno moja.» Tangu pale ananijibiaka paka ndiyo na hapana. Benzangu ba atelier banasema mwanaume harudilie nyuma, nikiitika leo, ile famille itanikalia ku kichwa mupaka uzee. Na muzee Pierre mupaka leo anasema pengine miye njo niko na haki. Mama Kangwa, kwabo banakusikilizaka. Sema ku redio, nakulomba, kama filme za namna ile ziko na mwisho mbili, kila muntu anaona yake, na bote tuko na haki. Vile mama atapika, na hakuna mwenye kupata haya. Ninamupenda Abigaïl. Ninaogopa kumupoteza juu ya filme.

Mwaba, Katuba

JIBU YA MAMA KANGWA

Mwaba, majina yenu yote nimegeuza mbele ya kusoma, juu weye uliandika mupaka avenue na numero ya parcelle ya bakwe bako. Akili ilikuwa wapi?

Ulilomba niseme ku redio kama filme iko na mwisho mbili. Sitasema. Niliiangalia, iko na moja. Na hata ingekuwa nazo kumi, weye hukuone hata moja, uliona ciment.

Ninakuhurumia, quand même. Kuangalia filme pa mulango shingo imepindika, kisha pale pa utamu mama mukwe anasimama mbele yako na anakataa kuondoka, ile iko mateso. Mwingine angechungulia kidogo. Weye hukuchungulia, ulibakia vile vile kichwa chini mupaka mwisho, na hakuna muntu alikuwa anakulinda. Ile ni heshima ya kweli, baba. Bamama bengi beko na bakwe benye kuingia mu salon na kujikalisha mu fauteuil na kuuliza nyama iko wapi. Alors juu ya nini heshima yako unaificha sawa muntu mwenye kuiba kuku?

Kosa yako haina kukosa kuona photo. Kosa yako ni kuapa. Ulitoka ku misa, na ile midomo ilipokea komunyo ukaitumia kuapia télé. Lakini ile ilikuwa hasira, hasira inasamehewaka. Ile ya kwa Abigaïl njo inanisumbua. Mama ulimudanganya na moto mu kichwa, Abigaïl ulimudanganya na kichwa baridi, kisha ya kuona photo, ukaikala ukatunga version ya pili. Ule mutoto mwanamuke anataka kuyua kama ataolewa na muntu wa namna gani, na weye unamuletea filme ingine. Ile ni haya, si ndiyo?

Na bale benzako ba atelier banasema mwanaume harudilie nyuma, uliza bangapi kati yabo beko na bibi mu nyumba. Siku utakuwa unajipikia bukari peke yako, hawatakuya kukukorogea.

Sasa sikiliza. Leo, mbele ya kula, enda kwa Abigaïl, umuambie kama version ya pili haiko, uliitunga. Usiweke «lakini» nyuma yake. Kisha ukamate kuku moja muzima, mufike kwa bakwe pamoja na shibukombe yako. Usitume message, usiende peke yako, na usijaribu kusema kupitia rideau, ulishasema ya kutosha kupitia ile rideau. Shibukombe aingie, weye ubakie pa barza, fasi yako ya kila siku. Aseme hivi: «Mutoto anasema hakuone mwisho ya filme, juu mama alikuwa anasimama pa mulango, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Aliapa bure. Anaomba musamaha.» Basi. Asiongeze hata neno moja, bashibukombe banapendaka kuongeza.

Ninayua kintu kinakufunga miguu. Unaogopa mama Mwape atavumbua kama ulisema bongo. Eh, Mwaba! Soma tena maneno alikutumia. Hakusema hukufahamu filme. Alisema uliapa juu ya kintu hukuone. Nani alimuambia hukuone? Chance hayue, alikuwa mu salon. Muzee Pierre hayue, yeye mupaka leo anakuunga mukono. Mama Mwape alikuwa pa mulango na bikombe, na kichwa yako ilikuwa pale chini, karibu na bilato ya ku miguu yake. Alikuona. Anayua tangu ile saa. Na wakati ulikuwa unapiga makelele pale inje, angesema paka neno moja na bote bangekucheka, na bwana yake njo angeanza. Hakulisema. Hata bwana yake hakumuambia. Sahani pia hakuivunja, aliifunika tu, na chakula banafunikaka ni ya muntu banangojea.

Enda, Mwaba.