Tajiri wa Ndege

Mpepai, Jumamosi, Juni 1971

Bado sijatia sahihi barua ya kazini. Marubani wenzangu wanataka tuunde chama, tudai saa za kupumzika. Leo, tukichuma kahawa, nikamwuliza baba kama nitie.

“Chama si kipo?”

“Hiki cha marubani, baba.”

“Ndege ni za nani?”

“Za wananchi.”

“Basi tajiri wako ni mimi. Unataka kunigomea?”

Hakuwa akitania.

Kisha akauliza taratibu, “Ukishikwa na usingizi huko juu, unaegesha wapi?”

Tajiri wangu hajawahi kupanda ndege. Nikamwambia hakuna pa kuegesha.

Akatua kikapu. “Lete hiyo barua.”

Sasa barua ina alama ya dole gumba la baba, chafu kwa kahawa mbivu. Nafasi ya sahihi yangu ingali wazi.