Nyasi za Kumpokea Kokuberwa

Isingiro, Kyerwa

Kaka Jovitus,

Shikamoo. Tangu useme kuwa Jumamosi unamleta mchumba wako Kokuberwa, hapa nyumbani hatukai wala hatulali. Baba amepaka chokaa upya, nami nimekata nyasi za kutandika sebuleni, maana mgeni wa namna hii hakanyagi sakafu tupu.

Simu anayo mama, ndiyo maana naandika. Jua la mwaka huu lilikaa mpaka migomba ikasinyaa, kisha ikashuka mvua kubwa ya ghafla. Nge wakatoka mashimoni wakaingia ndani, wakajificha kwenye nyasi zetu kavu. Mama alikuwa anatandika peku, kama alivyofundishwa na bibi. Nge mmoja akamuuma, mguu ukavimba hadi gotini. Zahanati walimtibu, sasa anatembea, ila amenikataza nisikwambie usije ukaahirisha safari.

Nyasi hizo tumezichoma, lakini ameagiza nyingine.

Kwa hiyo mwambie Kokuberwa asivue viatu mlangoni. Mama aliyekuwa akinichapa nikiingia sebuleni na ndala atampokea kwa gauni lake la kanisani, na gambuti miguuni.

Mdogo wako anayehesabu masaa,
Mackrine