Samaki wa Chelangat Anapanda na Kushuka Kona Moja

Mpendwa mshauri Mama Lenah, naomba msaada, lakini kwanza nikusalimie kutoka hapa Silibwet, mimi niko mzima, baba watoto Kipkurui ni mzima isipokuwa mgongo, kogo, yaani mama yake, ni mzima na anakusikiliza kwa redio kila Alhamisi, binti yetu Winny yuko shule, ng'ombe amezaa na ndama ananyonya vizuri, ni Chelangat peke yake ndiye siwezi kusema ni mzima, na samaki wake.

Chelangat ndiye kitinda mimba wangu, aliteleza kwa matope akavunjika mguu, akalala na plasta mpaka ndugu yangu Kipkorir akamletea kutoka Nakuru sanduku la kioo na samaki mmoja mwekundu ili asikae akiangalia ukuta tu. Sasa plasta imetolewa, daktari amesema atembee na magongo kila siku, la sivyo mguu utakauka, na yeye hataki hata kuyashika. Huyo samaki alikuja na mawe, majani ya maji na kachungu ka udongo, lakini akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea mtoto, nikaona ukijani kwa mawe nikaona aibu, nikatoa vyote, mawe nikayamwaga nje kando ya tanki la maji, nikapangusa kioo kikang'aa. Tangu hapo samaki anapanda na kushuka kona moja tu mpaka mimi nasikia kizunguzungu. Nikamwongezea chakula, maana ng'ombe wetu ni wa zero-grazing, hatoki bomani, akila na kunywa amemaliza, sasa samaki anataka nini tena?

Jana Chelangat akaniambia, "Mama, wachana naye. Amechoka na nyumba kama mimi."

Kogo akasema, "Basi tumhamishe kwa sufuria, ataona mabadiliko!"

Tulicheka sisi wawili. Mtoto aligeukia ukuta, hata uji akakataa. Mama Lenah, naogopa samaki akikufa, huyu mtoto hatasimama tena. Nijibu haraka, usingoje wiki ingine, redio naenda nayo hata nikikamua.

Ni mimi Janeffer, mama Chelangat.

*

Mama Chelangat, pole sana. Lakini wageni walikuja kuombea mtoto, si kukagua mawe!

Na huyo ng'ombe usimsingizie. Si umemwekea jiwe la chumvi alambe? Na ule mti wa boma, nani ameulainisha kwa kujikuna? Ung'oe uone. Samaki naye anataka pa kujificha, pa kuchungulia, kitu cha kutafuta. Wewe umemwachia ukumbi mtupu.

Rudisha majani, na kachungu kalale ubavu. Mawe yawe laini, yaoshwe kwa maji moto, sabuni isikaribie. Chakula punguza, kitupwe leo huku, kesho katikati ya mawe, akitafute. Maji usimwage yote, badilisha kidogo kwa maji yaliyolala kwa ndoo. Asipochangamka, Kipkorir aulize pale alipomnunua.

Sasa nisikize vizuri. Wewe usiokote hata jiwe moja. Mtoto wako ndiye aliyejua samaki anaumwa nini, nyinyi wakubwa mkacheka. Mwambie hivyo, umwombe msamaha, kisha umwambie mawe yako nje kando ya tanki na mwenye kujua lipi linafaa ni yeye. Magongo yawe karibu na kitanda. Mfuate nyuma, ubebe jiwe, usimbebe yeye. Atanung'unika, atakaa chini, ataamka. Jiwe moja kwa siku linatosha. Na kogo akae mlangoni na utani wake, lakini si ule wa sufuria.

Jiwe la kwanza likizama, nipigieni hapa redioni. Simu ashike Chelangat.