Skipa wa Nyuma ya Ofisi

Jumatatu, 4 Machi
Bosi hakuwepo, simu nimepokea mimi. Mtu wa makumbusho, sauti kama anatafuna. Kasema nyuma ya ofisi yetu, kwenye zile nyasi ndefu, anaishi skipa adimu sana. Asisumbuliwe. Nikaitikia sawa mzee, sawa mzee. Kuuliza skipa wa nini — sikuthubutu. Niko kwenye majaribio ya kazi bado.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwarifu bosi kwamba kuna skipa, yaani nahodha wa meli, anaishi nyuma. Akavua miwani. Nahodha, nyasini, bila maji? Nikasema huenda amestaafu. (Huenda! Kweli ulimi hauna mfupa.) Akaagiza nimwandikie ilani ya kuhama, Ijumaa nyasi zifyekwe, pale anataka maegesho. Nimebandika ilani kwenye kijiti: “Kwa Nahodha.” Na muhuri juu.

Jumatano, 6 Machi
Katibu muhtasi — wote tunamwita Shangazi — ameisoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Mwanawe anasomea wadudu.
“Skipa ni kipepeo, mwanangu. Umempa kipepeo notisi.”
Akanipeleka kumwona. Mdogo, hudhurungi, kichwa kinene. Hapepei, anarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akatua juu ya muhuri wangu, bila heshima yoyote! Shangazi akanionyesha kiwavi: amekunja jani, amelishona kwa uzi wake, amelala ndani. Hali jani jingine ila la nyasi hizi. Zikifyekwa, ndiyo kwaheri.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeenda kwa bosi kueleza. Nilipofika mlangoni nikarudi. Nimeenda tena — nikamuuliza kama anataka chai. Alikuwa anakunywa chai.

Ijumaa, 8 Machi
Mfyekaji amekuja na mashine begani. Nimemsihi angoje. Kasema yeye hutumwa na bosi, si na karani, akaiwasha. Basi nimekaa chini katikati ya nyasi, tai yangu shingoni. Ndipo ninapoandika, mwandiko huu, Mungu anisamehe. Amezima mashine, ananitazama kama mgonjwa.
Dirisha la juu limefunguka. Bosi anauliza kelele zimekatika kwa nini, au nahodha amegoma kuhama?
Shangazi amemjibu kutoka mlangoni, taratibu kabisa: “Amegoma, mzee. Tena amevaa tai.”
Sasa viatu vinashuka ngazi. Kazi yangu inashuka navyo. Nikisimama sasa hivi, nikapangusa suruali, nikasema nilikuwa natafuta kalamu, itaaminika. Kalamu ninayo mkononi, lakini itaaminika.
Sijainuka. Naendelea kuandika. Amefika kona ya —